Chini ya Nguzo za Kidahwe: Je, Elektroniki Bado Inalipa?

Anayetoka Kigoma mjini hupita Mwandiga, kisha hufika Kidahwe, mahali barabara inapogawanyika: moja inapanda Kasulu, nyingine inaelekea Uvinza. Kwa miaka mingi Kidahwe ilijulikana kwa njia panda hiyo tu. Sasa jina lake limo katika ramani za wahandisi wa umeme. Ndipo ulipopangiwa kuishia mradi wa laini ya kilovoti 400 kutoka Nyakanazi, yenye urefu wa kilomita 280, na ndipo umeme wa maji wa mradi wa Malagarasi, megawati 49.5, unapotarajiwa kupokelewa.

Nguzo hizo zimeleta swali nyumbani. Mzazi mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne anasikia mambo mawili yasiyopatana. Upande mmoja anaambiwa elektroniki ndiyo kazi ya kesho, kila kitu kitaendeshwa kwa chipu. Upande wa pili anaona fundi redio wa mtaani, aliyekuwa mtu wa maana zamani, ameketi kibandani kati ya televisheni ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nani anasema kweli? Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anatazama sehemu yake ya fani, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Jina moja, kazi tatu

Sehemu ya tatizo iko kwenye jina lenyewe. Mitaa ya Mwanga na Ujiji, Kigoma, humwita mtu mmoja "fundi umeme", "fundi simu" na "fundi kompyuta" ndani ya saa moja, kutegemea alicholetewa. Lakini kazi ni tofauti. Fundi umeme anashughulika na nguvu: nyaya, soketi, mota, transfoma. Fundi elektroniki anashughulika na umeme mdogo unaobeba taarifa au unaouamuru umeme mkubwa: saketi za redio, chaja, inveta, vihisi, bodi za mashine. Mtu wa TEHAMA anashughulika zaidi na programu na mitandao. Kijana akisema "nataka elektroniki", mara nyingi hajui anachagua kipi kati ya hivyo, na chuo nacho hakimwelezi.

Kuna pia ngazi. Fundi mchundo hutoka VETA au kwenye benchi la fundi mwenzake. Fundi sanifu ana stashahada, kwa mfano kutoka Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mhandisi ana shahada na husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Raha na karaha za ngazi hizi hazilingani, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumpoteza mwenzake.

Fundi redio alipokuwa mfalme

Ili kuelewa masikitiko ya leo, lazima ikumbukwe heshima ya jana. Miaka ya 1960 na 1970 redio ilikuwa mali. Habari, mpira, elimu ya watu wazima na muziki vilipita Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi ilijaribu hata kuzalisha: Arusha kulikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, na Dar es Salaam kampuni ya Matsushita kutoka Japani ilianzishwa mwaka 1966, ikawapa Watanzania betri za National ambazo kizazi kizima kilizianika juani zikiisha nguvu.

Fundi wa wakati huo alitukuzwa na uhaba. Fedha za kigeni zilipokauka mwishoni mwa miaka ya 1970, redio mpya haikupatikana kirahisi, kwa hiyo iliyoharibika ilitengenezwa, ikaharibika tena, ikatengenezwa tena. Redio yenyewe ilimruhusu. Ilikuwa na transista chache, kila moja ikionekana kwa macho, kila moja ikiweza kung'olewa na nyingine kulehemiwa mahali pake. Aliyejua kusoma rangi za rezista na kushika mita aliweza kufuata umeme hatua kwa hatua mpaka mahali ulipokatikia.

Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, uhaba ukaondoka, na sehemu ya heshima ikaondoka nao. Matangazo ya televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalianza kurushwa Bara mwaka 1994. Mwaka huohuo Mobitel ilileta simu za mkononi. Kazi ikahama kutoka redio kwenda televisheni, kisha deki, kisha simu. Kila kuhama kulikuwa na waliobahatika na walioachwa. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, aliyekuwa akiishi kwa kupandisha antena na kurekebisha picha alilazimika kujifunza ving'amuzi au kufunga duka.

Wanaosema imekwisha

Hoja yao ya kwanza ni ya kiufundi, na ni nzito. Chipu ya A17 Pro iliyotolewa na Apple mwaka 2023 ina transista bilioni 19. Hakuna fundi duniani atakayeingia humo na pasi ya kulehemu. Hata simu ya bei ya chini ina vipande vidogo kuliko punje ya mchanga, vimebandikwa kwa mashine, na chipu nyingine miguu yake iko chini ya tumbo, haionekani. Kazi ya kutambua kosa na kulitengeneza imegeuka kuwa kazi ya kubadilisha: kioo kinatoka, kioo kinaingia, betri inatoka, betri inaingia. Kwa aliyependa elektroniki kwa sababu ya kufumbua fumbo, hapo ndipo moyo unapovunjika.

Ya pili ni bei. Simu inapouzwa kwa bei nafuu, kioo chake pamoja na ujira wa fundi hukaribia bei ya simu mpya. Mteja hufanya hesabu na kuondoka. Televisheni bapa hali ni hiyohiyo: kioo kikivunjika, habari imeisha.

Ya tatu inawahusu watengenezaji. Michoro ya saketi, ambayo zamani ilibandikwa ndani ya kifuniko cha redio, sasa ni siri ya kampuni. Marekani na Ulaya watumiaji wamepigania haki ya kutengeneza. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake mwaka 2024. Fundi wa Kigoma ananufaika na mapambano hayo kwa mbali tu, pale mchoro au video inapomfikia kwenye intaneti.

Kisha kuna umbali. Kigoma ni mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Chipu ya shilingi chache Kariakoo inapofika Kibirizi imeshabeba nauli na siku za kusubiri, na mteja hasubiri vizuri. Umaskini wa vipuri humfanya fundi ang'oe kipande kwenye mashine mfu kutibu mashine hai, jambo la busara, lakini ndilo linalozaa shutuma kongwe kuliko zote: "fundi kaiba spea". Shutuma hiyo, ya kweli au ya uongo, imewaumiza mafundi waaminifu wengi kuliko ushuru wowote.

Udhaifu wa kambi hii ni kwamba imeichukua simu na televisheni kuwa ndiyo elektroniki yote. Tena imekopa hesabu za nchi tajiri. Mahali ambapo fedha taslimu ni ngumu, watu hutengeneza kitu mara ya tatu na ya nne kabla ya kukitupa. Simu kuukuu bado inaheshimiwa kando ya Ziwa Tanganyika.

Wanaosema ndiyo kwanza inaanza

Kambi ya pili inaanzia kwenye umeme, na kwa Kigoma hapo ndipo penye utajiri wa hoja. Kwa miongo mkoa uliishi kwa majenereta ya dizeli yaliyojitegemea. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kuunganishwa kwa mkoa na Gridi ya Taifa na kuzima majenereta mkoani humo. Umeme huo wa kwanza ulitoka Nyakanazi kwa laini ya kilovoti 33, msongo mdogo kwa safari ndefu kiasi hicho. Umeme ukisafiri mbali kwa msongo mdogo hupungua nguvu njiani, na ukirudi baada ya kukatika huja kwa mshtuko. Kapasita na saketi za kuingizia umeme ndizo hupigwa kwanza. Laini ya kilovoti 400 hadi Kidahwe ilibuniwa ili kuondoa udhaifu huo.

Umeme wa uhakika ukifika, vinavyonunuliwa hubadilika. Mashine ya kukamua mawese huwekewa mota yenye kidhibiti cha elektroniki. Samaki hupata jokofu kubwa. Zahanati hupata vipimo. Hospitali ya mkoa, Maweni, ina mashine ambazo zikilala, wagonjwa husubiri au husafirishwa, na mafundi wa vifaa tiba, fani inayofundishwa DIT na Arusha, ni wachache kuliko kazi iliyopo. Kituo cha kupoza umeme nacho kinalindwa na rilei za kidijitali zinazopima mkondo na kukata laini kabla mtu hajapepesa jicho. Kuzipima na kuzipanga ni elektroniki ya daraja la juu.

Ziwani mapinduzi yameshatokea bila kelele. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku usio na mwezi kwa mwanga. Karabai iliyokula mafuta ya taa na kuvunja vioo imekuwa ikiachia nafasi taa za LED zinazotumia betri na sola. Kwenye karabai fundi alibadilisha utambi na pampu. Kwenye LED anahitaji kujua kwa nini betri haijai, kwa nini kidhibiti cha chaji kimeungua, na namna ya kuziba saketi isiingie maji. Kipato cha usiku mzima cha wavuvi kinaning'inia kwenye saketi moja ndogo, na mwenye kuitengeneza alfajiri hiyohiyo analipwa bila kubembeleza.

Reli inakuja pia. Mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 zinaongozwa na mifumo ya ishara na mawasiliano inayohitaji matunzo kila siku.

Hata hivyo kambi hii huahidi kuliko inavyoweza kutoa. Mradi mkubwa huajiri watu wengi wakati wa kuchimba na kusimika, kisha kituo kikikamilika huendeshwa na wachache, na nafasi hizo hushindaniwa na nchi nzima kupitia Sekretarieti ya Ajira. Mkandarasi wa kigeni huja na wataalamu wake. Kuishi chini ya nguzo hakumpi mtu kazi ya nguzo.

Wapo pia wanaotaja viwanda. Kenya ilifungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River mwaka 2023, na Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies inayotengeneza vipande vya chipu. Mfano mkubwa zaidi ni wa Masaru Ibuka, aliyefungua duka la kutengeneza redio katika jengo lililoharibiwa na vita jijini Tokyo mwaka 1945. Mwaka uliofuata likawa kampuni, na kampuni hiyo leo ni Sony. Mfano huo unatia moyo, lakini unahitaji uangalifu. Ibuka alizungukwa na wahandisi waliofunzwa, wauza vipuri, na serikali iliyolinda soko la ndani. Fundi wa Ujiji amezungukwa na vipuri kutoka mbali na simu zinazofika zikiwa zimekamilika.

Jambo moja linastahili kusemwa hapa kwa uchungu. Ng'ambo ya ziwa, Congo ndiyo mzalishaji mkubwa duniani wa tantali, metali itokayo kwenye koltani, inayotengenezea kapasita ndogo za simu. Madini hayo huvuka mabara na kurudi ndani ya simu iliyofungwa kwa gundi, na ikiharibika mtu aliye jirani na yalikochimbwa huambiwa haitengenezeki.

Cheti au kipaji?

Mjadala mwingine ni mkali kuliko ulivyostahili. Wako wanaoamini ufundi ni mkono: kijana akae kwa fundi miaka miwili, atajua kuliko wa chuoni. Wana ushahidi. Anayekaa benchini huona makosa halisi, hujifunza kupanga bei, kusema na mteja, na kuishi siku isiyo na kazi. Wahitimu wengi hutoka chuoni wakiwa wameandika sheria ya Ohm mara mia na kufungua mashine chache sana, kwa sababu vifaa vya karakana ni vya kugombania.

Lakini asiyejua kwa nini anabadilisha kile anachobadilisha hufikia dari upesi. Teknolojia ikihama, aliyekariri hubaki na alichokariri. Aliyeelewa huhama nayo. Na karatasi ina kazi yake. Kufunga mifumo ya umeme kunahitaji leseni ya EWURA, ufungaji na matengenezo ya vifaa vya mawasiliano uko chini ya TCRA, na tenda ya shule au zahanati haimfikii asiye na leseni inayohusika. Tena kuna mitego ya kisheria. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 imekataza kubadilisha namba tambulishi ya simu, ile IMEI, na Juni 2016 TCRA ilipozima simu bandia, vijana waliokuwa wakijivunia "kuflashi" kila kitu walijikuta wakiombwa na wateja watende kosa la jinai.

Hapa suluhu ipo, ila haijulikani vya kutosha: VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi wa benchi hupimwa, hufundishwa pale anapopungukiwa, kisha hupewa cheti. Kwa mkoa wenye mafundi wengi wa mikono kama Kigoma, njia hii ina thamani kuliko kugombana kuhusu nani fundi wa kweli.

Mizani inalalia wapi

Malipo ya kazi hii yapo na si ya kudharauliwa. Mtaji wa kuanzia ni mdogo kuliko wa biashara nyingi: mita, pasi, bisibisi na meza. Ujuzi haukai stoo ukaoza. Mtu akihama kutoka Kidahwe kwenda Kasulu, Bujumbura au Kalemie, anahama nao. Na iko raha ambayo wanaoijua hawaiachi, ile ya kifaa kilichokufa kuwaka tena baada ya saa tatu za kutafuta.

Gharama nazo ziwekwe wazi. Kipato hupanda na kushuka. Maarifa huchakaa, kwa hiyo masomo hayaishi. Moshi wa kulehemu huingia mapafuni katika kibanda kisicho na dirisha, na betri ya lithiamu iliyovimba ni moto unaosubiri. Mizoga ya vifaa nayo hujaa: dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo hazikufika robo. Kibanda cha fundi ndicho mara nyingi mwisho wa safari ya taka hizo, bila mtu wa kuzichukua.

Ukipima yote, mpaka kati ya kuridhika na kukata tamaa unapita mahali pamoja. Elektroniki inavunja moyo pale inapokaa kwenye kifaa cha bei nafuu cha mtu binafsi, kwa kuwa bei ya kitu kipya inashuka kila mwaka na kuubana ujira wa fundi. Inalipa pale inapokaa karibu na umeme na mitambo ya uzalishaji, kwa sababu thamani ya kazi hapo hupimwa kwa hasara inayozuiwa. Jokofu la samaki likizimika, taa za wavuvi wa dagaa zikififia, mashine ya mawese ikisimama au kipimo cha zahanati kikilala, mwenye mali hahesabu bei ya rezista. Anahesabu siku.

Kwa hiyo anayeingia ajifunze elektroniki na umeme kwa pamoja, hata kama chuo kinavitenganisha. Simu iwe chakula cha siku wakati ujuzi mwingine unajengwa. Hiki ndicho wazazi wanapaswa kukiuliza chuoni kabla ya kulipa ada: mwanafunzi atashika mita na mashine halisi saa ngapi kwa wiki, na atafanyia mazoezi wapi.

Mzigo usiachwe kwa kijana peke yake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi watano wanaonunua kwa pamoja oskiloskopu na mashine ya kulehemu kwa hewa moto kingeitumia vizuri kuliko vikundi vingi vinavyoandikishwa kwa haraka. Makandarasi wa laini, wa mradi wa Malagarasi na wa reli wapokee wanafunzi wa VETA Kigoma kwa mazoezi wakati mitambo ingali wazi, kabla milango ya vituo haijafungwa na kuandikwa "Hatari".

Kijana wa Kidahwe anayependa hesabu, mwenye subira ya kutafuta kosa mpaka alione, na aliye tayari kusoma kila mwaka, aende akasome elektroniki. Asiishie kwenye simu.